Kuponi ya Mwanafunzi Mpya

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mama naye mzima, goti lake linamsumbua asubuhi, likipata jua linaacha. Naandika barua kwa sababu tulikubaliana hivyo: simu ni ya dharura, maana kwenye simu sisi tunagombana kabla salamu hazijaisha, na wewe ukizidiwa hoja unasema mtandao unakatika.

Nina jambo moja. Kompyuta ya karakana imechoka. Ukiiwasha inanguruma weee, kisha kile kidude cha kuponi ulichokipachika kwenye kivinjari kinaamka kabla ya kitu kingine chochote, kinapandisha kibendera chake cha kijani na kuniuliza kama nataka punguzo. Punguzo la nini, hata sijafungua kitu. Nikifungua darasa lako la mtandaoni la mitambo ya baridi, video inasimama mwalimu akiwa ameachama. Viwili hivi haviwezi kukaa pamoja kwenye kompyuta hii. Naomba ruhusa nitoe kimoja, na ninachotaka kutoa ni hicho cha kuponi.

Kingine. Watu wanaendelea kuleta friji zao. Nawaambia fundi hayupo, amekwenda mbali kutunza mitambo ya ghala la baridi, wanaitikia vizuri kabisa, kisha wanaziacha mlangoni na kuondoka. Karakana imejaa hadi cherehani yangu, huku upande wangu wa pazia, nimeisogeza ukutani.

Najua mpango wetu. Ukipata cheti cha hilo darasa unapewa usimamizi, ukipewa usimamizi unapewa nyumba ya kampuni, tunafunga karakana, mimi na mama tunakufuata huko. Ndivyo tulivyokubaliana. Au wewe ulikubali na mimi nikanyamaza, ukauhesabu ukimya wangu kuwa ndiyo. Siku hizi nikitazama ule mlango na kuuwazia kufuli, nainuka, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Nijibu upesi habari ya kompyuta.

Mkeo


Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu mpenzi,

Kidude cha kuponi usikiguse. Nasema kwa upole, lakini usikiguse.

Hebu tulinganishe kiungwana. Darasa linanipa nini? Linanipa mwalimu mwenye shati lililonyooka anayeniambia hongera hata nikibofya jibu baya. Umejitahidi, anasema, jaribu tena. Mimi umri wa kubembelezwa umenipita. Kidude cha kuponi hakinisifu. Kinakwenda, kinachakura maduka yote, kinarudi na punguzo, au kinarudi mikono mitupu na kinasema hivyo hivyo bila kuona haya.

Tena usisahau kwamba bila hicho kidude hata hilo darasa tusingelipata. Kumbuka siku ile. Bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, mara kibendera kikapanda: punguzo kubwa kwa mwanafunzi mpya. Mimi si mpya, jina langu limeshachafuka huko. Kozi ya kupiga picha niliiacha, ya kufuga kuku niliiacha, na ile ya kutengeneza sabuni ndoo yake bado iko uani. Nikakuandikisha wewe. Jina lako, kitambulisho chako, akili zangu. Nani alipoteza hapo?

Na kwani wewe video za nini? Mimi nasomea huku, kwenye kompyuta ya ukumbi wa wafanyakazi, saa ya mapumziko, koti la baridi likiwa bado mwilini. Neno la siri nilikuachia likae tu kwa usalama.

Habari njema ni kwamba nasonga mbele kuliko nilivyodhani. Juzi nimefungua nikakuta masomo ya kompresa yameshawekewa alama kwamba yamekamilika. Sikumbuki kuyakamilisha, ila zamu huku zinachosha, huenda niliyapitia nikisinzia. Alama zenyewe ni nzuri mno. Kumbe nikisinzia nina akili.

Meneja kila tukikutana ananiuliza cheti. Mimi hapa situlii. Nahesabu vyumba vya nyumba yetu kabla sijapewa, naweka kitanda cha mama huku, nakitoa, nakiweka kule. Vumilieni kidogo.

Mumeo


Jumapili, 24 Machi

Mume wangu,

Barua yako imefika na imechelewa. Kidude nimeshakitoa.

Umelinganisha, sasa na mimi nilinganishe. Kidude chako kazi yake ni kujua ninatamani nini. Nilitazama mkasi mmoja tu, mkasi wa kukatia mpira, basi kikanifuata kila nilikokwenda: mkasi, ala ya mkasi, mafuta ya mkasi, mkasi wa pili kwa nusu bei ukinunua wa kwanza. Mwisho nikajikuta nimenunua taa yenye umbo la bata kwa sababu ilikuwa na punguzo. Mama ameuliza bata wa nini. Bata yupo, anawaka.

Darasa linaudhi, nakubali, na mwalimu anasifu ovyo. Lakini ukishafunga kompyuta kuna kitu unabaki nacho. Jana nilikuwa naosha vyombo nikajikuta nawaza kwa nini friji ya jirani inaguna kila inapozima, nikaacha sahani kwenye maji nikaenda kuisikiliza. Namaanisha wewe. Ukifunga kompyuta, wewe unabaki na kitu.

Video nilifungua kuona tu kama darasa lipo. Tumelilipia, kulitazama si kosa.

Zile friji za mlangoni zimepungua, wenyewe wamekuja kuzichukua. Mama anasema hataki nyumba ya kampuni ambayo madirisha yake hayafunguki. Nimemwambia hatujui kama hayafunguki. Amesema ya kampuni huwa hayafunguki, na amekwenda kuota jua.

Kula vizuri. Usisinzie ukiwa karibu na mitambo.

Mkeo


Jumamosi, 6 Aprili

Mke wangu,

Sina amani na sitajifanya ninayo.

Kwanza, mwenye bucha amenitumia ujumbe. Anasema, fundi, ubarikiwe, friza imekaa sawa, nyama imeganda kama jiwe, karibu tena nyumbani. Karibu tena nyumbani? Mimi niko huku nimevaa soksi mbili mbili.

Pili, nimeingia kwenye ukumbi wa maswali wa darasa, pale wanafunzi wanapoulizana. Mmoja ameuliza kwa nini friji yake inajaza barafu upande mmoja. Mtu amemjibu kwa jina lako. Amemwambia kabla hujagusa gesi, chukua kipande cha karatasi, kibane kwenye mlango, ukivute. Kikitoka bila kukaidi, ujue mpira wa mlango umechoka na hewa inapita hapo. Mwalimu amesifu, na safari hii amesifu kweli.

Mke wangu, hiyo karatasi ni yangu. Niliibuni mwenyewe na nimemfundisha mtu mmoja tu, Mrefu, wakati tukishirikiana karakana, kabla hajaniacha akafungua yake ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo naomba uniambie. Mrefu anatengeneza friji za wateja wangu ndani ya karakana yangu? Anasoma darasa langu kwa neno langu la siri? Anakalia kiti changu, anakunywa chai kwenye kikombe changu? Na haya yakitokea mama anakuwa wapi? Video zilikuwa za nani?

Naona wivu, nakwambia wazi. Leo nimesahau kukagua vipimo vya chumba cha samaki, mkuu wa zamu amenikaripia mbele ya watu.

Niandikie ukweli.

Mumeo


Jumamosi, 13 Aprili

Mume wangu,

Mrefu hajakanyaga ndani humu tangu ulipoondoka. Siku moja alikuja kuazima ngazi, mama akampa akiwa nje ya kizingiti. Kikombe chako kiko kabatini na kimejaa vumbi, nimekitazama kwa ajili yako.

Nimekasirika. Kulikuwa na mambo nilikuwa nayaandaa polepole nije nikuambie vizuri, sasa umenitibua na sitaki kuyasema nikiwa hivi. Nitaandika nikishapoa.

Mama anasema nikuulize swali moja. Ulipokuwa unamfundisha Mrefu ile karatasi, nani alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia?

Mkeo


Jumatatu, 15 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Barua hii na yako huenda zikapishana njiani. Ile ya Mrefu iweke kando, tutamjadili siku nyingine. Nimepatikana.

Leo nilitaka kufanya mtihani wa mwisho. Kompyuta ikaniambia niweke uso mbele ya kamera na kitambulisho kando ya uso. Nikaweka nakala ya kile cha kwako, maana ndicho walichonacho. Ikafikiri. Ikasema mimi siye wewe. Nikavua kofia, ikasema bado. Nikatabasamu unavyotabasamu wewe, na wenzangu ukumbini wakaanza kunitazama.

Ndipo nikafungua mfano wa cheti. Jina lako, mke wangu, limeandikwa kubwa katikati. Langu halipo hata pembeni. Nimepita masomo yote hayo nisitambue kwamba yule mwanafunzi mpya tuliyemdanganyia kuponi ndiye atakayepewa cheti. Mimi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyenunua kitu kwa punguzo akajikuta amemnunulia mtu mwingine. Kidude kimetimiza kazi yake, sikilaumu, lakini kingeweza kunionya.

Nimewaza suluhisho. Wewe kaa mbele ya kamera na uso wako. Mimi nitakuwa kwenye simu, sikio la upande wa kilemba, hawataona. Soma swali kwa sauti ya mtu anayetafakari, mimi nitakunong'oneza jibu. Wewe huna haja ya kujua lolote. Tukishafaulu nitatafuta namna ya kumweleza meneja kwamba mke na mume ni kitu kimoja.

Tafadhali usikatae. Nafasi ile wataipa mtu mwingine, na mimi nimeshawaambia watu wote hapa kwamba mnakuja.

Mumeo


Jumamosi, 27 Aprili

Mume wangu,

Barua yako ya mtihani nimeisomea karakanani, mikono ina grisi. Hiyo alama pembeni ni kidole changu.

Mtihani nimeshaufanya. Niliufanya kabla barua yako haijafika, mchana kweupe, mama akiwa ameweka kiti mlangoni kuzuia watu. Hakukuwa na mtu sikioni. Nimefaulu.

Aliyekuwa nyuma ya pazia ni mimi. Miaka yote ile ukimfundisha Mrefu, mimi nilikuwa nashona upande wa pili, na wewe ulikuwa unapaza sauti kwa sababu ya kelele za kompresa. Mrefu alikuwa anasikia nusu. Mimi nilisikia yote, nikayashonea humo humo kwenye mapazia ya watu. Masomo yaliyojikamilisha ni mimi niliyeyakamilisha. Jibu la karatasi ni langu, ingawa karatasi ni yako, na nilipaswa kusema hivyo mle ukumbini, sikusema. Friza ya bucha ni mimi. Mama alimwambia mwenye bucha njoo uchukue, fundi amemaliza, akadhani ni wewe. Mama hakuona sababu ya kumsumbua kwa maelezo.

Sasa lile gumu. Jina kwenye cheti mimi niliona mapema, hata kabla sijakuandikia habari ya kompyuta. Ningeweza kukuambia, ungebadilisha, ungeandikishwa upya kwa bei yake, na leo ungekuwa na cheti chako. Nilinyamaza. Kila asubuhi nilikuwa naanza somo, naacha, narudi. Nikilimaliza nakusogeza karibu na ile nyumba ya kampuni. Nisipolimaliza, friji za watu zinabaki zimekufa mlangoni na karakana inafungwa hata bila kufuli. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, nisikudanganye. Siku friza ya bucha ilipoanza kupoa, nikaweka kiganja kwenye lile bomba nikahisi baridi inakuja, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Mama alikuja kuangalia kama nimepigwa na umeme.

Sitaki kufunga karakana. Ndilo hilo. Ningelisema kwenye simu ungeniambia mtandao unakatika.

Mambo ya Mrefu nimekusamehe, ni wivu wako wa siku zote. Lakini umeniandikia kwamba sina haja ya kujua lolote. Hiyo imeniuma, na bado inauma ninavyoandika.

Mkeo


Jumapili, 2 Juni

Mke wangu,

Najua umesubiri. Barua nilianza nyingi. Nyingine zilikuwa za hasira, nyingine nilijifanya nacheka, zote nimezitupa.

Nilikasirika. Kisha nikaona haya, kisha nikakasirika tena kwa sababu ya ile haya. Nilirudi kwenye masomo yote moja moja nikitafuta ulipokosea. Kwenye somo la kidhibiti joto nikakuta umekosea swali. Nilifurahi mpaka nilipoangalia majibu yangu mwenyewe kwenye swali hilo hilo. Baada ya hapo niliacha kutafuta.

Kuna jambo lingine, na nimechelewa kukuambia. Darasa lilituma matokeo kwa kampuni, maana nilipojaza maelezo niliandika anwani ya hapa. Meneja akaniita. Akaniuliza, huyu ni nani mwenye alama hizi? Nikamwambia ni mke wangu. Akacheka, mimi sikucheka, na yeye akaacha. Akaniuliza umejifunzia wapi kazi. Nikamwambia nyuma ya pazia. Nikamweleza yote, pamoja na kuponi.

Anataka uje. Usimamizi ule ule, nyumba ile ile. Wewe uwe msimamizi na mimi niwe fundi chini yako. Ameandika barua yako rasmi akanipa niitume, nikaiweka mfukoni mwa koti la baridi, nimekuwa nikiingia nayo na kutoka nayo vyumba vyote hadi imelowa kona. Nilifikiria kuipoteza. Ukweli ni huo. Naiweka humu ndani.

Nikimaliza zamu natembea kutoka ghalani hadi getini, narudi, naenda tena, mlinzi sasa anadhani nimetumwa kumchunguza. Nilitaka kile cheti ili niwe mtu wa kuwaleteni mahali. Sasa sijui nikutakie nini. Ukija nitakuwa chini yako na nitajaribu kutonung'unika. Usipokuja, sijui mimi nafanya nini huku. Amua wewe. Safari hii ukinyamaza sitahesabu kuwa ndiyo.

Na ile sentensi, kwamba huna haja ya kujua lolote, nisamehe. Niliiandika bila kufikiri, na hilo ndilo linalonitisha.

Mumeo


Jumanne, 11 Juni

Mume wangu,

Barua ya meneja nimeisoma, kisha nimemsomea mama. Mama ameuliza kama wamesema lolote kuhusu madirisha. Baadaye nikaisoma tena peke yangu, kwa kufurahi tu, maana sijawahi kuandikiwa barua ya namna hiyo.

Siji. Jibu langu kwake liko kwenye bahasha ndogo. Mpe mkononi, usilitembeze mfukoni. Nimekunakilia hapa ili usije ukalifungua kwa mvuke wa birika:

«Kwa Meneja, Ghala la Baridi.

YAH: NAFASI YA USIMAMIZI, PAMOJA NA OMBI LANGU

Ndugu Meneja, nimepokea barua yako na imenipa heshima kubwa. Nasikitika siwezi kuja. Ninayo karakana hapa, kazi ni nyingi na mikono ni michache.

Kwa sababu hiyo na mimi naleta ombi. Unaye fundi mmoja anayevaa soksi mbili mbili. Anaongea sana, wivu anao, na kozi zake nyingi ameziacha katikati. Lakini kwenye kazi yenyewe sijaona wa kumfikia, na kila ninachokijua nilianza kukisikia kwake. Akitaka mwenyewe kuja, naomba umruhusu. Akitaka kubaki, mtunze, ni mtu wangu.

Wako katika kazi, Fundi, karakana ya friji.»

Hilo ndilo jibu lake. Wewe sikuamrishi. Ukija, nafasi ipo upande ule ule wa karakana, ila pazia nimelitoa, nimelishona mifuko ya kuwekea spana. Mrefu ameniletea friji moja iliyomshinda, nimeiacha kwenye kona, sijaigusa, nilitaka tuitazame wote. Kikombe chako nimekiosha. Mama anakisogeza kila siku, mara mezani, mara kabatini, anasema hajui akiweke wapi.

Kidude cha kuponi nimekirudisha kwenye kompyuta kwa siku moja. Nilikuwa natafuta tiketi ya basi la kutoka huko kuja huku. Kikaamka, kikachakura kampuni zote, kibendera kikapanda, kikashuka, kikaniambia kwa safari hiyo hakuna punguzo, nisubiri, huenda likapatikana mwezi ujao.

Sikusubiri. Nimelipa bei kamili, tiketi imo humu ndani.

Mkeo